Nusu ya Chumvi

Komarock, nyumba ya chini
6 Mei 2025

Kwa Daktari Iqra Hirad, Kidato cha Pili,

Kabla sijakufikia wewe, wacha nimsalimu mwalimu anayefungua barua hii, maana uliniambia huko kwenu hakuna bahasha inayomfikia mtoto kabla haijachunguliwa tumbo. Madam Kate, hujambo? Mimi naitwa Wekulo, miaka sabini na mmoja, darasa la tano na nusu. Ile nusu ililiwa na malaria. Ndimi mtunzaji wa hii ploti wanamokaa kina Iqra. Nafagia ngazi, nafungulia wapangaji maji Jumatano na Jumamosi, nagombana nao siku zilizobaki. Sina siri na mtoto wa watu, ni habari za samaki tu. Soma, ukichoka upumzike.

Sasa Daktari. Mama yako akishatoka asubuhi kwenda dukani Eastleigh, mimi hupanda juu na ule ufunguo wa akiba, nakaa na watoto wako watatu mbele ya lile tangi la kioo. Wote wazima. Dubu anakula kama askari wa kaunti. Hilali anamchokoza Dubu halafu anajificha. Zafarani, yule mkubwa wa rangi ya chungwa uliyemlea tangu darasa la sita, yeye hutembea polepole katikati kama mama mkwe anayekagua sufuria.

Nikueleze jambo moja lililonipa aibu. Siku ya kwanza nilipoingia, walikuja wote watatu mpaka kwenye kioo wakanitazama mikononi. Mikononi, si usoni! Na mikono ilikuwa mitupu. Kwetu Samia mtu haingii nyumba ya watu hivyo, hata kama amekuja kuwafukuza. Nikataka kuwaongezea chakula, lakini ile karatasi uliyobandika ukutani inasema NCHA ZA VIDOLE ASUBUHI, NCHA ZA VIDOLE JIONI, UKIZIDISHA UTAWAUA BABU. Na hiyo BABU umeipigia mistari miwili. Basi nikashuka kichwa chini.

Lakini usijali. Aibu hiyo nimeshaitengeneza. Nyumba imechangamka.

Barua hii anakuletea Mativo, kondakta wa gari la Kangundo. Nimemwambia akiipoteza nitamfungia mama yake maji.

Mimi babu yako wa ngazini,
Wekulo

*

Shuleni
10 Mei 2025

Babu,

Assalaam aleikum. Niaje lakini? Madam Kate alicheka barua yako mpaka akavua miwani, halafu akanikabidhi akiwa amenuna ili nisijue. Tulimsikia kutoka darasani.

Babu, hiyo aibu umeitengeneza vipi? Hapo nimeogopa kidogo. Sikiliza, nilisahau kuandika kanuni moja ukutani, na ndiyo kubwa kuliko zote: usitie kitu chochote kipya ndani ya tangi. Samaki mpya hasa. Samaki mpya hukaa kwanza kwenye chombo chake peke yake wiki nne, kwa sababu anaweza kuwa na ugonjwa usioonekana. Najua hutafanya hivyo, nasema tu.

Maji ya mfereji usiwamwagie siku hiyo hiyo. Yaache kwenye ndoo wazi mpaka kesho yake, dawa ya mfereji iishe.

Na nikwambie siri. Mama alitaka Sylvance wa namba saba ndiye awatunze. Alisema, "Yule mzee ana maneno mengi, na mwenye maneno mengi hakosi ya uongo." Nikamwambia, Mama, Babu Wekulo hudanganya akitaka watu wacheke. Jambo la maana hadanganyi. Kwa hiyo mimi ndiye mdhamini wako, usiniangushe.

Mwezi ujao tunajaza fomu ya masomo ya Kidato cha Tatu. Mimi nimeshajua: Bayolojia, Kemia, Kilimo. Nikiwa daktari wa wanyama kweli kweli, wewe utakuwa bawabu wangu. Utawachekesha ng'ombe wakingoja sindano.

Iqra

*

Komarock
18 Mei 2025

Daktari wangu,

Kanuni yako imefika na nimeisoma. Hakuna kitu kipya humu. Nani alete? Nyumba ni ile ile, samaki ni wale wale.

Ila nina habari ya kukufurahisha. Watoto wako wamejipamba! Zafarani ameota madoa meupe madogo madogo mgongoni na mkiani, kama andazi lililonyunyiziwa sukari. Dubu naye anayo. Hilali bado, labda hana pesa za urembo. Na wamejifunza mchezo. Wanakwenda kwenye lile jiwe, wanajikuna ubavu fyaa, wanakimbia. Kama ng'ombe na nguzo. Nilicheka peke yangu mpaka mke wa Sylvance akachungulia dirishani.

Chakula wamepunguza. Nadhani ni baridi.

Wekulo

*

(Karatasi ya pili, bahasha ile ile)

Madam Kate,

Karatasi hii ni yako, usimpe mtoto. Najua utaifungua kwa vyovyote, basi nimeona ni heri tuandikiane.

Mimi nimeleta samaki. Ndiyo ile aibu niliyoitengeneza. Chakula nimekatazwa kuongeza, nikajiuliza, mtu aliyekatazwa kuleta chakula aleteje zawadi? Ataleta mwenzao wa kuongea nao. Kuna jamaa anauza samaki wa mapambo kwa mitungi kando ya barabara ya Kangundo. Nikamwona mmoja mdogo, mwenye sharubu, hana magamba, analala chini kama mumi, yule kambare wa kwetu ziwani. Moyo ukaniruka. Nikampandisha ngazi ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, nikawaambia wale watatu, "Hodi, Wekulo hakuja bure leo." Siku tatu baada ya mtoto kwenda shule. Barua yake ya kukataza ilikuja baadaye.

Nimemwambia hakuna kitu kipya. Ni uongo mdogo, una sharubu na unakaa chini ya jiwe. Nakuuliza wewe uliyesoma: kuna ubaya?

Wekulo

*

Shuleni
19 Mei 2025, mchana

Babu, hayo si mapambo!

Ni ugonjwa wa madoa meupe. Nimeomba ruhusa ya kuandika saa ya chakula, Mativo ameambiwa angoje langoni. Soma mara mbili tafadhali.

Kila doa ni mdudu aliyejichimbia chini ya ngozi ya samaki. Akiwa humo dawa haimfikii. Akishiba anadondoka chini ya tangi, anajigawa, anakuwa mamia, na hao mamia wanaogelea kutafuta samaki. Hapo tu, wakiogelea, ndipo wanapokufa. Kwa hiyo hatutibu samaki, Babu, tunatibu maji.

Moto: zungusha kile kipasha-maji kidogo kidogo, siku mbili, mpaka kipimo kifike ishirini na nane. Mashine ya mapovu isizimwe hata dakika moja, maji ya moto yana hewa kidogo. Ukiishiwa na tokeni za stima mwambie Mama.

Chumvi: tangi ni mitungi mitatu ya lita ishirini. Kila mtungi vijiko vikubwa vitatu. Jumla tisa. Usimwage kwa pamoja, igawe siku mbili, uikoroge kwanza kwenye kikombe. Vijiko tisa, si vinane. Ikiwa kidogo, wadudu hawafi, wanazoea tu.

Kila siku ya pili nyonya uchafu wa chini kwa ule mpira, urudishe maji yaliyolala, yenye chumvi na joto lile lile. Hata madoa yakiisha endelea siku kumi na nne. Madoa yakiisha ndipo wamo majini wengi zaidi.

Bahati yetu wale watatu wana magamba. Samaki wasio na magamba chumvi hiyo huwachoma.

Babu, nina swali moja. Mdudu huyu haanguki kutoka mbinguni. Kuna samaki mwingine aliyeingia? Hata kwa siku moja? Sitakasirika. Niambie tu.

Iqra

(Nyuma ya karatasi, kwa wino mwekundu)

Mzee Wekulo, umeniuliza kama kuna ubaya. Upo. Mimi nafundisha Kiswahili na dini, samaki namjua wa kukaanga, lakini swali la mtoto hapo juu nimelielewa, nawe umelielewa. Mjibu. Kazi yangu ni kusoma barua, si kumwandikia mtu majibu yake. Makosa ya tahajia kumi na moja nimekusahihishia, mazoea. — Kate

*

Komarock
22 Mei 2025

Daktari,

Dawa imeingia. Moto umefika ishirini na nane, wanaogelea kwenye supu. Vijiko tisa, nimehesabu kwa sauti kama karani wa kura. Nimenyonya uchafu kwa mpira, kidogo nimekunywa, sasa nami nimetibiwa.

Swali lako: hapana. Hakuna mwingine aliyeingia. Wewe soma vitabu vyako.

Wekulo

*

(Karatasi ya pili)

Madam,

Usinune. Nilikaa na kalamu jana mchana kutwa. Niliandika "Ndiyo, yupo mmoja," halafu nikaona uso wa mtoto akimwambia mama yake kwamba babu hadanganyi. Nikachana.

Na vijiko si tisa. Nimetia vinne na nusu. Nilikuwa naenda vizuri, nikafika cha tano, yule mwenye sharubu akatoka chini ya jiwe akaanza kupanda kioo, anapiga mdomo juu ya maji kama anayeita jina langu. Mkono ukakataa. Madam, huyu ni mgeni. Mimi ndiye niliyemtoa kwake nikamleta hapa. Mtu hamwalikii mgeni nyumbani akamtilia kitu kinachomchoma. Nikajiambia, nusu ya chumvi, nusu ya ugonjwa, wote waponee katikati.

Nimejaribu kumtoa nikamweka kwenye ndoo. Akaanza kutapatapa, hakuna moto, hakuna mapovu, na Mama Iqra angeona ndoo angeuliza ya nini. Nikamrudisha.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nangoja wenyeji wapone.

Wekulo

*

Shuleni
27 Mei 2025

Babu yangu,

Nimelala vizuri leo mara ya kwanza. Kama vijiko ni tisa na moto upo, tutawaokoa, wallahi. Nimewaeleza wenzangu wa Bayolojia habari nzima, mwalimu akaniita mbele nikachora ule mzunguko wa mdudu ubaoni. Darasa zima sasa wanauliza, "Zafarani anaendeleaje?" Kuna msichana wa Tassia amemwombea kanisani, mimi nimewaombea kwa dua zetu. Wamefunikwa pande zote.

Samahani kwa kukuuliza kuhusu samaki mwingine. Nilikuwa nimechanganyikiwa.

Andika upesi. Anakula? Anajikuna bado?

Iqra

(Kwa wino mwekundu: Mzee, mtoto amekuomba samahani. Nimeiona kwa macho yangu nikaifunga bahasha. Sijui ni nani kati yetu sisi wawili aliye na haya kidogo zaidi. Kama hutaki kumwambia kosa, basi muulize dawa. Mwambie unauliza kwa niaba ya rafiki yako mwenye samaki wa sharubu. Lakini uliza. — Kate)

*

Komarock
3 Juni 2025

Iqra,

Leo sina mchezo.

Madoa yalipotea wiki iliyopita, nikashangilia. Ijumaa yakarudi kwa wote watatu, siyo sukari tena, ni kama wamevaa shuka. Hilali alitangulia, Jumamosi. Dubu akamfuata Jumapili. Zafarani alipigana mpaka leo saa nne asubuhi. Alilala ubavu, shavu moja tu linafanya kazi. Nilitia mkono majini nikamshikilia asimame. Alikaa hivyo kiganjani kama nusu saa. Kisha likaacha.

Nimewazika juu ya paa, kwenye kiroba cha udongo ninachopandia mchicha. Mama yako nimemwambia ni ugonjwa. Alisema pole, akasema atakuambia mwenyewe siku ya kutembelea, nikamwambia la, mimi nitaandika.

Sijui imekuwaje. Dawa tulitia.

Wekulo

*

Shuleni
8 Juni 2025

Babu,

Asante kwa kumshika Zafarani.

Usijilaumu. Nimefikiri siku tano na nimejua ni nani. Ni mimi. Wiki moja kabla ya kufungua shule nililetewa jani la majini na Nurto, yule rafiki yangu wa Kayole. Lilitoka kwenye tangi la binamu yake. Nililisuuza mara moja tu nikalipanda nyuma ya jiwe. Mdudu huweza kuja na jani. Nilijua, nilikuwa nimesoma, nikaona uvivu. Wewe ulifanya kila kitu sawasawa, moto, chumvi tisa, na bado wakafa, maana yake niliwaachia ugonjwa mkali tangu mwanzo halafu nikakukabidhi wewe uangalie wakifa. Nisamehe, Babu. Wewe ni mzee, hukustahili.

Nurto nimemwandikia kwamba asiniletee tena kitu.

Fomu ya masomo nimebadilisha. Nimekata Bayolojia na Kilimo, nimeandika Fizikia na Biashara. Mama atafurahi, duka linahitaji mtu. Mtu aliyeua wagonjwa wake watatu wa kwanza akiwa na kitabu mkononi asipewe wa nne.

Iqra

(Karatasi ya mwalimu)

Mzee Wekulo,

Safari hii siandiki pembeni. Mtoto halali. Alisimama ubaoni akawafundisha wenzake, sasa hataki hata kuingia maabara. Amevunja urafiki na msichana asiye na kosa kwa sababu ya jani. Anaomba msamaha kwa kila mtu, juzi ameniomba mimi, nami nilikuwa nimekaa juu ya ukweli wake kama kuku juu ya mayai mabovu.

Fomu zinaondoka ofisini kwangu Ijumaa tarehe 13 saa kumi. Baada ya hapo sibadilishi mimi wala mtu mwingine. Nimefikiria kumwambia. Lakini akilisikia kwangu atajua kwamba watu wazima wawili walijua, na wewe hukuthubutu. Akilisikia kwako, atajua angalau mmoja alithubutu.

Mpaka Ijumaa.

Kate

*

Komarock
11 Juni 2025

Iqra, mwanangu,

Barua hii ina karatasi moja tu. Madam Kate hana yake leo.

Si jani. Si wewe. Ni mimi.

Tarehe mosi Mei nilinunua samaki mwenye sharubu, nikamtia kwenye tangi lako. Niliona haya kuingia kwenu mikono mitupu, na chakula ulinikataza, basi nikaleta yeye. Sikujua kwamba samaki hubeba ugonjwa. Hilo la kutojua ningeweza kulibeba, mzigo wa mjinga ni mwepesi, mimi nimezoea kuubeba tangu darasa la tano. Yaliyofuata niliyajua.

Ulipoandika usitie kitu kipya, nilikuwa nimeshatia wiki nzima. Nikakujibu hakuna. Ulipoandika una swali moja na hutakasirika, nilikujibu hapana, nikakutania ukasome vitabu. Ulipoandika vijiko tisa, nilitia vinne na nusu, nikakuambia nimehesabu kwa sauti. Nilihesabu kwa sauti kweli. Nilisema "tano, sita, saba, nane, tisa" na kijiko kikiwa mezani, ili angalau ukuta unishuhudie. Umeona mzee wa kudanganya ukuta?

Nilipunguza kwa sababu ya yule mgeni. Aliungua, akapanda kioo, nikamwonea huruma. Wale watatu walikuwa hawalalamiki, wamekaa kimya na shuka zao, nikadhani anayepiga kelele ndiye anayeumia. Uliniandikia wazi kwamba chumvi ikiwa kidogo wadudu wanazoea. Niliisoma. Nilisoma mara mbili kama ulivyosema.

Watu husema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi wa kwangu nilimlinda mpaka nikachukua jembe mwenyewe nikawachimbia wenyeji.

Na yupo. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Anaishi. Asubuhi nikipanda anatoka chini ya jiwe, tangi lote lake, ananipungia sharubu. Nimetaka kumtupa mara mbili na mara mbili nimempa chakula.

Nilipomshika Zafarani ile nusu saa, ulinishukuru. Usinishukuru. Nilikuwa namwambia samahani, kwa Kisamia, ili hata yeye asielewe.

Kwa nini nilidanganya? Nimetafuta sababu nzuri siku tatu, sina. Ulimwambia mama yako kwamba jambo la maana sidanganyi. Hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo juu yangu, hata mke wangu Asenath, Mungu amlaze pema, na alinipenda. Nilitaka neno hilo likae. Nikalilinda kwa uongo, nao uongo ukawala samaki wako.

Jani la Nurto lilikuwa jani tu. Mwandikie. Na hiyo fomu, Iqra. Uliujua ugonjwa kwa barua, bila kuona, kwa maneno ya mzee mpumbavu aliyekuambia wamejipamba. Ulijua ni nini, ulijua dawa, na uliuliza swali lenyewe. Daktari alikuwa sawa tangu mwanzo. Aliyeharibu ni bawabu.

Nimempa Mativo barua hii mkononi, nimemwambia si ya kumpa mtu wa lango. Sikumtishia na maji. Nimemwomba.

Wekulo

*

Shuleni
13 Juni 2025

Mzee Wekulo,

Nimepata barua yako jana jioni. Nimeisoma kwenye uwanja wa mpira wa wavu ili wasinione.

Nitakuambia dawa ambayo hukuuliza. Ungesema kuna mwenye sharubu, ningekuambia umtie kwenye ile ndoo ya bluu, umwekee joto kwa chupa za maji ya moto ukizibadilisha, bila chumvi, na ubadilishe maji kila siku. Sponji ndogo ya mapovu iko kwenye droo ya pili. Wale watatu wangepata vijiko tisa. Wote wanne wangeishi, Mzee. Lilikuwa jambo la ndoo.

Nililia kwa ajili ya Zafarani mara ya pili, na mara hii niliumia zaidi, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa na wewe wa kuandikia.

Nimerudisha Bayolojia na Kilimo. Madam Kate alinipa kalamu, na yeye pia namjua sasa. Ameniomba msamaha. Yeye nimemkubalia, kwa sababu aliomba kabla sijamfumania. Wewe sijui bado. Usidhani fomu ni msamaha. Fomu ni yangu.

Mgeni usimtupe. Yeye hakujiita. Moto ubaki ishirini na nane kwa siku kumi na nne kuanzia leo, chumvi usiongeze, nyonya chini kila siku, mchana mfunikie nusu ya tangi kwa kitambaa, hawapendi mwanga. Uniandikie kila Jumapili anavyoendelea. Uandike unachokiona. Bila mizaha. Nikitaka kucheka nitakuambia.

Mama bado anaamini ni ugonjwa tu. Mimi nilikudhamini kwake, na sitamwambia. Mwambie wewe.

Iqra Hirad

*

(Kikaratasi, kimepitishwa chini ya mlango)

Komarock, Jumamosi 14 Juni 2025

Mama Iqra,

Salaam. Mimi ni Wekulo wa chini. Najua ni kichekesho mtu kumwandikia barua jirani wa ngazi kumi na nne, lakini nilipanda mara tatu leo, na kila nikifika mlangoni ulimi unanigeukia kwenye mzaha. Kalamu hainifuati sana huko.

Samaki wa mtoto hawakufa kwa ugonjwa tu. Niliwaletea ugonjwa mimi, kwa kuingiza samaki mwingine bila ruhusa. Mtoto akanitumia dawa sahihi, mimi nikapunguza, nikamwambia nimetia yote. Akajilaumu yeye kwa siku nyingi na nikamwacha ajilaumu. Amesoma ukweli juzi. Nyumbani mwako nilikuwa naingia kila siku na uongo huo, nakusalimia jioni kwenye ngazi, unanijibu vizuri.

Ulimwambia Iqra kwamba mwenye maneno mengi hakosi ya uongo. Yeye akakubishia kwa ajili yangu. Wewe ndiye uliyekuwa sawa, na ninaandika hivi ili asije akabishana nawe tena kwa ajili yangu.

Ukitaka kumgombeza mtu, usimpigie mwalimu wake, usimngoje siku ya kutembelea. Mtoto hana kosa. Shuka. Mlango nimeuacha wazi, redio nimezima, na nimekaa nikiutazama.

Wekulo